Robo ya Kidonge

Methusela Ndahani alianza kuamkiwa shikamoo na watu wazima wenzake akiwa na miaka ishirini na nne. Wa kwanza alikuwa mbeba makreti kwenye mzani wa zabibu kule Makutupora, mtu mwenye watoto shuleni na ndevu zilizojaa kidevuni. Methusela alikuwa amevua kofia ajifute jasho. Yule mtu akamtazama kichwani, akainamisha shingo kidogo kwa adabu, akasema shikamoo mzee, zamu yako imefika. Methusela akaitika marahaba. Angefanya nini? Nyuma yake kulikuwa na foleni, jua lilikuwa limepamba moto, na kumweleza mtu kwamba huenda wewe ndiye mdogo kwake ni maelezo marefu. Akapima zabibu zake, akarudi shambani, na neno lile likakaa naye kutwa nzima.

Kwao ni Buigiri, lakini Makutupora ndiko alikojifunzia kazi. Alianza kama kibarua wa msimu, akachuma, akapogoa, akapiga dawa ya ukungu, mpaka akapata kipande chake cha shamba na chumba cha kupanga. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mizuri; mzabibu aliopogoa yeye ulitambulika kwa macho. Nywele zilianza kumtoka kwenye pembe mbili za paji la uso, kisha utosini, halafu sehemu hizo zikakutana na kilichobaki kikawa ukanda mwembamba kuzunguka kisogo. Wala jina halikumsaidia. Alirithi la babu mzaa baba, naye babu huyo alikuwa na kipara tangu ujana wake. Vijana wa shambani wakamwita Mzee wa Agano la Kale. Alicheka nao, na tangu hapo hakuonekana tena bila kapelo.

Nyumbani kwao tatizo hilo lilikuwa na historia. Bibi yake, enzi za uhai wake, alikuwa akisimulia kwamba zamani vijana wa Kigogo walifuga nywele, wakazisuka misuko myembamba na kuipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Katika ukoo wao alikuwako mmoja ambaye nywele zilimkataa. Huyo alifungwa kichwani ngozi mbichi ya kondoo yenye mafuta yake, akalala nayo msimu mzima, apate angalau za kusuka kabla ya ngoma. Methusela alipokuwa mtoto aliuliza kama zilimea. Bibi alicheka mpaka akakohoa, na jibu hakulitoa.

Mama yake naye aliamini mafuta ya nyonyo. Alizikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta meusi yakaelea juu, akamtumia kwenye chupa ya soda kwa mtu aliyekuwa akija mjini. Methusela akapaka. Akapaka maji ya kitunguu, akanuka jikoni kwa majuma. Akapaka masizi ya chungu yaliyokorogwa kwa samli. Pale soko la Majengo kulikuwa na muuza dawa za asili aliyeitwa Hamidu, mtu wa Kondoa, mpole, mwenye kofia safi ya viua. Methusela alinunua kwake mafuta ya habasoda mara nyingi kiasi kwamba siku moja Hamidu aliona haya. Akavua kofia yake, akainamisha kichwa kilichong'aa kama sahani, akamwambia kaka, mimi nalala kwenye duka la habasoda, unaona mwenyewe. Kisha kuna mama mmoja wa Chamwino aliyempa kinyesi cha njiwa kilichosagwa pamoja na pilipili manga. Hicho kilimtoa vidonda, na kovu moja halikufutika.

Katika hali hiyo akakutana na Anitha.

Alikuja kutoka Gulwe kuchuma zabibu, akakaa kwa ndugu yake mtaani humo humo. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti nzito kidogo, aliyeimba huku akichuma bila kujali kama kuna anayesikiliza. Methusela ndiye aliyepangiwa kuwaonyesha wageni mahali pa kukata kikonyo. Wiki ya kwanza walizungumza habari za vikonyo. Wiki ya pili Methusela alimletea maji. Msimu ulipokwisha wenzake wakarudi makwao, Anitha akabaki, akapata kazi ya kusaidia mama lishe, na mtaa mzima ukajua ni kwa sababu ya nani.

Anitha aliwahi kumwona bila kofia mara moja, upepo ulipoipeperusha. Hakusema kitu. Aliiokota, akaipangusa vumbi kwenye khanga yake, akamrudishia. Methusela aliuchukua ukimya ule akautafsiri alivyojua yeye: kwamba ameona, kwamba amesikitika, kwamba anavumilia. Hakumuuliza. Laiti angemuuliza.

Ulipofika wakati wa kwenda Gulwe kujitambulisha, alikwenda na shangazi yake, Loisi, aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Mzee Nikodemo, baba yake Anitha, alikuwa amestaafu kazi ya reli. Aliwapokea vizuri, akawakaribisha ugali wa uwele na mlenda, akasikiliza posa. Kisha akamwambia shangazi, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilisikika, kwamba kijana ana heshima, ila binti yake ni mdogo na huyu anaonekana mtu mzima. Je, hana mke mwingine mahali? Shangazi Loisi akaapa kwamba hana. Kuhusu umri alisema tu kwamba huyu ni mtoto wa juzi. Mzee Nikodemo akaitazama kapelo iliyokuwa mapajani mwa Methusela, akaitazama na ile sehemu iliyokuwa ikifunikwa, akakohoa, akakubali. Lakini mashaka yalibaki usoni mwake, na Methusela aliyabeba akarudi nayo Dodoma.

Siku chache baadaye akaenda kwa Octavian. Hao wawili walisoma pamoja. Octavian sasa alikuwa akiuza duka la dawa mjini. Alimsikiliza, akaingia nyuma, akatoka na karatasi ya vidonge vidogo vya buluu. Akamweleza kwamba hizi zimetengenezwa kwa ajili ya wazee wenye tezi dume, lakini dawa hiyo hiyo kwa kipimo kidogo huzuia nywele kudondoka na hata kuzirudisha. Huko nje kuna vya nywele peke yake, ila ni ghali na hapa havipatikani kirahisi. Kwa hiyo unanunua cha mzee, unakikata kwa wembe mara nne, unameza robo kila asubuhi.

"Ukiacha, zinaondoka tena zote ulizopata," Octavian alimwambia. "Na wachache huwa inawapunguzia hamu ya mwanamke. Ukiona hivyo njoo uniambie."

Sentensi ya kwanza Methusela aliisikia vizuri. Ya pili aliisikia kama mtu anavyosikia bei ya kitu ambacho ameshaamua kukinunua.

Alianza. Miezi ikapita bila kitu, na karibu akate tamaa. Kisha asubuhi moja, kwenye kioo kidogo cha kunyolea, akaona utosini kivuli. Akapapasa. Vilikuwa vinyweleo, laini kama vya mtoto, lakini vilikuwepo. Harusi ilipofika, Buigiri, kichwa chake hakikuwa cha kujivunia, ila kilikuwa na nywele. Mpiga picha alipowaambia wasogeane, Methusela alisimama mbele ya kanisa kichwa wazi, jua likimpiga, akitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mzee Nikodemo alimshika mkono akamwambia ndoa imekurudisha ujana, mkwe. Huenda hakukuwa na siku nyingine katika maisha yake aliyokuwa na furaha kama ile.

Kama mambo yangeishia hapo, kisa hiki kisingekuwa na haja ya kusimuliwa.

Miezi ya mwanzo walikaa vizuri. Baada ya hapo Methusela akaanza kupoa. Hakikuwa kitu cha ghafla. Kwanza alisema ni kazi, maana ulikuwa wakati wa kupogoa. Halafu akasema ni jua. Halafu hakusema kitu, akawa anageukia ukutani. Alimpenda mkewe kama zamani; alipenda kumsikia akiimba uani akifua. Ila mwili wake ulikuwa kama nyumba ambayo mtu amezima taa akaondoka. Naye alijua sababu. Hilo ndilo lililomtafuna. Yale maneno ya Octavian, ambayo hakuyajali siku ile, sasa yalimrudia moja moja.

Akaacha vidonge. Aliacha kwa majuma kadhaa, bila kumwambia mtu. Hakuona nafuu yoyote ya upesi, na siku moja akiosha kichwa akakuta beseni lina nywele zinazoelea. Huenda zilikuwa zile tu ambazo kila mtu hudondosha. Lakini alisimama uani akiliangalia lile beseni, akaona uso wa baba mkwe, akaona vijana wa shambani, akamwona yule mbeba makreti akiinamisha shingo. Akamwaga maji. Kesho yake akachukua wembe, akakata robo, akameza. Alijiambia Anitha ni mwanamke mwelewa, atavumilia kidogo, na nywele zikishakomaa ataangalia la kufanya.

Kwa Octavian hakurudi.

Anitha hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu. Alianza kujitazama yeye. Alibadilisha sabuni, akabadilisha mafuta ya kujipaka, akaacha kula vitunguu jioni. Aliuliza kama amenenepa. Alimwomba ndugu yake amletee mizizi kutoka Mpwapwa, akaichemsha akanywa, ikamtapisha. Akaenda kwenye maombi ya akina mama, akawekewa mikono, akarudi na macho yaliyovimba na matumaini kidogo. Kila mara Methusela alimwambia hujakosa kitu, mke wangu. Alisema ukweli, lakini ulikuwa nusu tu, na ile nusu nyingine alikuwa ameificha kwenye boksi la mikasi ya kupogolea.

Krismasi walikwenda Buigiri. Mama yake Methusela na Anitha walikaa nyuma ya nyumba wakichambua mboga, naye Methusela alikuwa ndani akifunga dirisha lililolegea. Akamsikia mama yake akiuliza kwa upole, kama akina mama wanavyouliza:

"Mwanangu, huko tumboni kukoje? Bado hatujaona dalili?"



"Ni mimi, mama," Anitha akajibu. "Nina tatizo kidogo. Natibiwa."

Methusela alikuwa na nyundo mkononi. Kati yake na wao kulikuwa na ukuta wa matofali mabichi tu. Angeweza kutoka, akasimama mbele ya mama yake, akasema mama, huyu hana tatizo lolote, ni mimi. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Alisubiri wahamie kwenye habari nyingine, kisha akapigilia msumari.

Mwezi wa pili, zabibu zikiwa zimeiva na kila mtu yuko shambani, Anitha alikuwa akisafisha chumba. Alihamisha boksi la mikasi, likafunguka, na ndani yake akaona wembe uliofungwa kwenye kitambaa na karatasi za vidonge, nyingine tupu, nyingine nusu. Kwanza alidhani mumewe ana ugonjwa mbaya anaoumezea dawa kwa siri. Akachukua karatasi moja akaenda nayo zahanati, akamwonyesha nesi mmoja aitwaye Gladness waliyekuwa wakiimba naye kwaya. Gladness akasoma jina, akamtuliza. Sio hiyo unayoiogopa, akamwambia, hii ni dawa ya tezi dume. Wanapewa wazee, wale wa miaka sitini na kuendelea. Akamuuliza nyumbani kuna mzee gani.

Gladness alisema alichokijua, wala hakukosea. Lakini Anitha alirudi nyumbani njia nzima akiunganisha mambo. Kile kipara alichokiona siku ile ya upepo, nacho kikafutika kimiujiza kabla ya harusi. Mashaka ya baba yake. Shangazi aliyeapa kuhusu wake lakini kuhusu umri akaishia kutania. Mwanaume anayegeukia ukutani. Kila kitu kilikaa mahali pake. Alikuwa ameolewa na mzee.

Methusela aliporudi jioni alimkuta ameketi kitandani, karatasi ya vidonge iko pembeni yake.

"Una miaka mingapi?" akamuuliza.

Methusela aliiona karatasi. Akakaa kwenye kigoda.

"Umri wangu unaujua, Anitha."

"Naujua ule ulioniambia. Nakuuliza wa kweli. Hizi wanakunywa wazee. Nimeuliza."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hata yeye mwenyewe, baadaye, hakuweza kueleza kwa nini hakusema. Alichokumbuka ni kwamba jibu lilipanda mpaka kooni, na alipolisikia lilivyo, lilikuwa la aibu kiasi kwamba hata uongo wa umri ulionekana una heshima kuliko hilo. Mtu amemwacha mkewe anywe mizizi na kutapika, amwambie mama mkwe kwamba yeye ndiye mgonjwa, ili tu utosini pake pafunikwe. Nani anasema kitu kama hicho?

"Ni dawa tu," akasema. "Achana nayo."

Anitha aliikunja ile karatasi akaiweka juu ya meza. Alipika, wakala. Asubuhi Methusela alikwenda kuchuma, maana zabibu zikiiva hazingoji. Alipokuwa shambani mkewe alifunga nguo zake, akamkabidhi jirani ufunguo, akapanda basi la Mpwapwa kurudi kwao Gulwe.

Methusela alimpigia simu, haikupokelewa. Akapiga tena siku zilizofuata, mpaka ikawa haipatikani kabisa. Ndipo alipokwenda hospitali mjini kumwona daktari wa ngozi, mama wa makamo aliyemkaribisha bila haraka na kumsikiliza mpaka mwisho bila kuandika kitu. Alimtazama kichwani kwa tochi ndogo, akalikuta lile kovu, akauliza limetokana na nini. Methusela akamwambia kinyesi cha njiwa. Daktari akatabasamu. Akamwambia asijione mjinga, kwani mganga mashuhuri kuliko wote wa Wayunani wa kale alikuwa na kipara naye akapaka kinyesi cha njiwa hicho hicho. Kabla yake Wamisri walijipaka mafuta ya simba, ya kiboko na ya mamba yaliyochanganywa pamoja. Yule Myunani aligundua na jambo jingine, kwamba wanaume waliohasiwa hawapati kipara. Hiyo ndiyo njia ambayo sayansi ya leo imeifuata: homoni ya kiume ndiyo inayonyausha mizizi ya nywele kwa waliozaliwa na asili hiyo, na kidonge chake kinaizuia homoni hiyo.

"Wengi wanaimeza bila shida," daktari akasema. "Wachache inawafanya kama ilivyokufanya wewe. Ukiacha, kwa kawaida hali inarudi, ingawa wengine huchukua muda. Ulipoona dalili ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Hata mkeo?"

Methusela akatazama mikono yake. Daktari hakuendelea na swali hilo. Alimweleza kwamba iko dawa nyingine ya kupaka, ambayo kwanza ilikuwa kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele mpaka mashavuni, madaktari wakaona basi tuipake kichwani. Hiyo haigusi mambo ya ndani. Lakini nayo ni ya kila siku, na ukiiacha zinaondoka. Akamuuliza kama anaitaka. Methusela alifikiri kidogo, akasema hapana, asante. Akauliza kama kuna kipimo chochote kinachoonyesha kwamba mtu alikuwa anameza kile kidonge kwa ajili ya nywele na si kwa sababu ya uzee. Daktari akasema pole kaka, kipimo cha namna hiyo hakipo. Hilo itabidi aliseme mwenyewe.

Akamchukua shangazi Loisi, wakapanda treni mpaka Gulwe. Safari hiyo Methusela hakuvaa kofia, na kichwa alikuwa amenyoa chote kwa wembe. Shangazi alimtazama pale stesheni, akavuta mtandio wake. Njiani upepo uliingiza vumbi la bonde dirishani, nao wakakaa macho wameyafumba kama watu wanaosali.

Mzee Nikodemo aliwapokea, lakini safari hii chakula hakikutangulia. Shangazi ndiye aliyeanza. Alisema huyu mtoto alizaliwa wakati wa zile mvua za Elinino, treni zikikwama huku kwenu, na yeye Loisi ndiye aliyemkata kitovu kwa kuwa mkunga alishindwa kuvuka mto. Kama anasema uongo, Mungu amchukue kabla hajafika Buigiri. Mzee Nikodemo alizikumbuka mvua zile. Alikuwa kazini, alibeba mawe ya reli kwa mikono yake. Akahesabu kichwani, akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema basi, la umri nimeliamini. Sasa dawa ya wazee ilikuwa ya nini?

Methusela akasema. Alisema yote mbele ya mkwewe na shangazi yake, macho ameyaelekeza sakafuni: upara, kapelo, Octavian, wembe, robo ya kidonge, alivyoonywa, alivyoacha na alivyorudia. Shangazi alijifunika uso. Mzee Nikodemo, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akamwita binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akawaacha peke yao.

Anitha alikuwa amepungua. Alikaa mbali kidogo naye, kwenye kiti cha baba yake.

"Ile siku ya upepo," akasema, "nilipokuokotea kofia. Ulidhani sikuona?"

"Nilijua umeona."

"Nami nilikaa. Sikukaa kwa ajili ya nywele, maana hazikuwepo."

Methusela akamwomba msamaha. Alisema ameacha vidonge, daktari amemwambia mwili utarudi, waanze upya. Alisema mengine mengi ambayo alikuwa ameyapanga kwenye treni. Anitha alimwacha amalize.

"Ungekuwa mzee ningekusamehe," akasema. "Mzee amedanganya umri, anataka mke, watu wanafanya. Lakini wewe ulikuwa unajua. Nilipokuwa natapika ile mizizi ulinishikia beseni. Ulinishikia beseni, Methusela, na ulikuwa unajua."

Hakupandisha sauti. Aliinuka, akamwambia asubiri chai, akaingia ndani. Chai ililetwa na mdogo wake.

Walirudi Dodoma wawili, yeye na shangazi. Wazee walikaa vikao, mchungaji naye akaingilia, na kila mara jibu la Anitha lilikuwa lile lile, la adabu na fupi. Haikuwa chuki. Mara moja hata alimtumia salamu za rambirambi mama yake Methusela alipofiwa na dada yake. Lakini hakurudi, na mwisho watu wakaacha kumbembeleza, ndoa ikavunjwa.

Daktari alikuwa amesema kweli. Mwili wake ulirudi, polepole, kufikia mavuno ya pili. Siku alipoligundua hilo Methusela alikaa ukingoni mwa kitanda asubuhi, chumba kimya, nje majirani wakichota maji, naye hakujua afurahi au alie. Hakuna aliyemhitaji kwa hilo tena. Nywele za kisogoni alizinyoa kila Jumamosi. Vijana wapya wa msimu walipomwita mzee aliitika bila kusita, na kwa kuwa hakuonyesha kuumia, utani ulikosa ladha ukaachwa.

Mwaka uliofuata shangazi Loisi alikuja kumtembelea. Alizunguka chumba, akasifu zabibu, akauliza habari za mvua, mpaka Methusela akaelewa kwamba kuna neno. Akamwambia aliseme tu. Anitha ameolewa, shangazi akasema, na mtu wa Kilosa, fundi cherehani. Wanasema ana mimba. Methusela akasema vizuri. Akamwongezea shangazi chai. Baada ya muda akauliza kama mimba ni kubwa, shangazi akasema ni ya kuonekana, naye akasema vizuri tena.

Wiki hiyo mdogo wake wa kike, Debora, alihamia nyumba kubwa na mumewe na hawakuwa na vitanda vya kutosha. Methusela akawaambia waje wachukue chake. Kilikuwa cha mninga, futi sita, Anitha ndiye aliyemchagulia fundi na kumsimamia mpaka mwisho. Hakikuweza kupita mlangoni kikiwa kizima, ikabidi akifungue mwenyewe, ubavu kwa ubavu, huku shemeji yake amesimama na bisibisi nyingine akimwambia taratibu kaka, usipasue mbao. Walipoondoka na gari alifagia mahali kilipokuwa. Palikuwa na vumbi jingi, na pini moja ya nywele, ya mwanamke. Aliiokota akaigeuza geuza vidoleni. Kisha akaitupa na takataka nyingine, akatandika mkeka, akaenda shambani kumwagilia.